Birika la Pikapu

Kijiji chetu kilipata pikapu kabla ya kupata kisima. Sijui nani alipanga hivyo, na siku ya kukabidhiwa hakuna aliyeuliza, maana ngoma zilikuwa zinapigwa na wageni wa mjini walikuwa wameshaanza hotuba. Tulikuwa tumehamishiwa pale mwaka uliotangulia. Kila kaya iliacha makazi yake yakawa mahame porini, tukapangwa kwa mistari iliyonyooka kando ya ile barabara ya zamani inayotoka Tabora na kupita Kwihara, barabara ambayo babu zetu waliipita na pembe za ndovu mabegani. Wao walikwenda pwani kwa miguu na wakarudi kwa miguu, wala hawakuhitaji filta. Sisi tulikuwa watu wa maendeleo. Maji tuliyafuata mbali na ndoo kichwani, lakini tulikuwa na pikapu ya dizeli, rangi ya kijivu, ambayo mlango wake mmoja ulifunguka kwa ndani tu na mwingine ulifunguka wenyewe ukipenda.

Dereva wa kwanza alikuwa mkwe wa mwenyekiti wa kijiji. Sifa yake kubwa ilikuwa hiyo hiyo. Haikuchukua muda akaigonga pikapu kwenye kichuguu ambacho kilikuwa pale tangu enzi za misafara na hakikuwa kimemsogelea mtu. Kamati iliketi, ikachunguza, ikakilaumu kichuguu. Hata hivyo mzigo wa tumbaku ulichelewa, wakubwa wa mjini wakauliza, na mwenyekiti akalazimika kukumbuka kwamba kijijini kulikuwa na mtu mwingine mwenye leseni.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimerudi kutoka kambi ya kujenga taifa, ambako nilifundishwa kuendesha malori kwa sababu mwalimu wa ushonaji hakufika. Mwenyekiti alipenda sana kuhutubia juu ya usawa. Mwanamke ni nusu ya taifa, alikuwa akisema, na wanaume wote walipiga makofi wakati hiyo nusu ya taifa iko mtoni inachota maji. Alipoulizwa kama nusu hiyo inaweza kushika usukani, alikohoa kidogo. Kisha akatangaza kwamba nitaendesha kwa muda. Hilo neno "kwa muda" nililisikia mara nyingi kuliko jina langu mwenyewe.

Niliipenda pikapu ile. Nasema bila kuona haya. Nilipenda mngurumo wake, nilipenda harufu yake mbaya, na nilipenda jinsi barabara ilivyokuja kwangu badala ya mimi kuifuata. Kitu kimoja tu kiliniuma. Baba yangu hakukubali kukaa mbele.

Baba alikuwa mrina asali. Alikuwa na mizinga ya magome porini kwenye mahame yetu ya zamani, na msimu ukifika alikwenda kukaa huko kwenye kambi ambayo mwanamke haikanyagi, eti nyuki wanachukia. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia akae pembeni ya binti yake kama abiria. Tulipokwenda mjini alipanda nyuma, akakaa juu ya magunia, akanipa mgongo. Nikitazama kwenye kioo niliona kofia yake na shingo yake tu, kutoka kijijini mpaka mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora. Watu wa Ng'ambo walimwona akishushwa pamoja na karanga, na yeye aliona hiyo ndiyo heshima.

Kisha dizeli ikawa adimu. Mwenyekiti akaitisha mkutano, akasema kijiji kinachojitegemea lazima kiwe na akiba yake, kwa hiyo anatafuta mwananchi wa kujitolea pipa safi. Kila mwenye pipa alikumbuka ghafla kwamba la kwake lina tundu. Ndipo baba akasimama na kutoa lile pipa lake kubwa la asali, ambalo mama alikuwa haruhusiwi hata kuanika kanga juu yake.

Tulishangaa nyumba nzima. Mwenyekiti alimsifu mpaka baba akainamisha kichwa, na wale wenye mapipa yenye matundu wakaitwa kupe. Baba hakulipeleka siku ile. Alilikalisha nyuma ya nyumba, akaliosha, akalikwangua, akawasha moto, akatukataza kusogea. Moshi ulionekana siku kadhaa. Mama alisema mwacheni, anaagana nalo. Hatimaye aliliviringisha mwenyewe mpaka kwenye banda la pikapu, akalifunika kizibo, akaondoka.

Pipa likajazwa dizeli na likakaa chini ya mabati, ambako jua la Tabora lilikuwa linaipika dizeli ile kama mchuzi. Mimi nilikuwa nikijaza tangi kila alasiri kwa kuvuta dizeli na mpira kwa mdomo, na huo ndio ulikuwa unyonyaji pekee ulioruhusiwa kijijini. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kipupwe kilipoingia.

Nani asiyejua baridi ya asubuhi ya kwetu mwezi wa sita. Pikapu ilikuwa inawaka vizuri, inanguruma, inatoka bandani kwa mbwembwe, inafika kwenye bani la kukaushia tumbaku, inakohoa, inazima. Unapiga stata, inajibu kidogo, inazima tena. Jua likishapanda na watu wameshakasirika, unaiwasha na inakwenda mpaka Tabora kana kwamba hakuna kilichotokea. Kesho yake alfajiri ni yale yale, tena mbele ya bani, ambako watu wengi hupita.

Haikuhitaji fundi kujua watu watasema nini. Kisirani. Mtu anayeanza safari asubuhi hapendi mtu wa kwanza kukutana naye njiani awe mwanamke, na hapa mwanamke ndiye aliyeshika usukani. Mwenyekiti aliniita.

"Sisemi ni kwa sababu wewe ni mwanamke," akaniambia. "Mimi ni mtu wa usawa, unanijua. Nasema tu kwamba mkwe wangu alipokuwa anaendesha, gari halikuzima asubuhi."

"Lilikuwa juu ya kichuguu, ndugu mwenyekiti."

"Lakini lilikuwa linanguruma."

Kamati ikatoa msimamo wake. Pikapu ikiendelea kuzima, usukani utarudi kwa mkwe na mimi nitakwenda chekechea kukoroga uji wa watoto, kazi ambayo, kwa mujibu wa mwenyekiti, pia ni ya ujenzi wa taifa. Sina ugomvi na uji. Lakini nilijua nikitoka kwenye kile kiti sitakiona tena maishani, si mimi wala msichana mwingine yeyote wa pale.

Basi nikafungua filta. Kubadilisha filta ya dizeli si siri kubwa. Unafunga njia ya mafuta inayotoka kwenye tangi, unaweka debe chini, unalegeza bolti iliyo katikati ya kofia ya filta, na bakuli la chuma linashuka likiwa limejaa dizeli, ambayo inakutiririkia mkononi mpaka kwapani. Unatoa filta kuukuu, unaweka mpya, unabadilisha mpira wake, unakaza bila hasira. Halafu inakuja sehemu ambayo wenye haraka huiruka, ya kutoa upepo. Unalegeza skrubu ndogo juu ya kofia na kupiga pampu ya mkono. Mapovu yanatoka. Unapiga tena na tena, mpaka itoke dizeli tupu isiyo na povu. Ukiuacha upepo ndani, injini haiwaki hata uihutubie. Kamati ilihudhuria kazi yote hiyo kwa moyo wa ujamaa, mikono nyuma.

Filta mpya niliipata Ng'ambo, kwa mzee mmoja fundi aliyekuwa anavaa kanzu kwenye karakana na kuwagombeza vijana wake kwa kumchafua. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akatazama nyuma yangu.

"Dereva wako yuko wapi, binti?"

"Ni mimi, mzee."

Akatazama tena nyuma yangu, labda dereva amejificha. Baadaye alipokubali, aliishika filta kuukuu iliyokuwa imegandamana na kitu cheupe chenye umanjano, akainusa, akasema ni maji. Mara ya pili nilipomletea nyingine iliyoziba vile vile, alisema ni mchanga. Mara ya tatu alisema dizeli ya siku hizi haina baraka, na kwamba gari langu lina baridi yabisi kama yeye. Nilimlipa kwa chupa za asali ya baba, naye akanipa filta mbili zilizobaki rafuni, moja nikaifunga pale pale na moja nikaiweka akiba. Akasema nyingine mpaka meli ije, na meli ya wakati ule ilikuwa inakuja kama mvua ya Septemba.

Nikiwa njiani kurudi nilisimama kupumzisha injini. Ile filta kuukuu nilikuwa nimeipakata, na ili isinichafue nikaiweka juu ya injini yenye moto. Punde ikaanza kutoa machozi. Kile kitu cheupe kiliyeyuka, kikachuruzika, na harufu ikapanda juu ya harufu ya dizeli. Niliijua kabla sijajua kwamba naijua. Ilikuwa harufu ya koti la baba yangu akirudi kutoka porini.

Nta. Pipa lilikuwa na nta, na jua la mchana lilikuwa linaiyeyusha ndani ya dizeli, na baridi ya usiku ilikuwa inaigandisha ndani ya filta yangu. Nilikaa pale kando ya barabara nikicheka peke yangu, halafu kicheko kikaisha. Baba alikuwa nyuma, juu ya magunia, amenipa mgongo. Akauliza kwa sauti kuna nini. Nikamwambia hakuna, twende.

Ningesema nini, na kwa nani? Ningeiambia kamati tu, ningekuwa nimepona. Gari halina kisirani, pipa lina nta, mwisho wa hadithi. Lakini siku zile kulikuwa na neno hujuma, na halikuwa neno la mzaha. Ilitosha mtu alitamke juu yako kwenye mkutano, unakwenda mjini kutoa maelezo na unarudi mwembamba. Pipa lilikuwa la nani, kila mtu alijua. Walikuwa wamepiga makofi. Nikaona bora nifunge mdomo na nitafute dawa.

Dawa ilikuwa maji ya moto. Kila alfajiri nikachemsha birika, nikalibeba mpaka bandani, nikafungua boneti na kumwagia lile bakuli la filta polepole mpaka chuma kipate joto na nta ilegee. Pikapu ikawaka, ikapita mbele ya bani bila kukohoa, na injini yenyewe ikishapata moto ilikuwa inajitunza. Siku ya kwanza nilipita pale nikapiga honi, jambo ambalo halikuwa la lazima.

Furaha ya maskini haidumu. Mtu aliniona. Asubuhi ile aliyeniona alisema nalipikia gari chai, na ilipofika mchana ile chai ilikuwa imeshakuwa dawa. Jioni dawa ilikuwa na mizizi yake, na mizizi ilikuwa na mganga wake, tena wa mbali, maana mganga wa karibu haogopwi. Wiki haikuisha, tukaitwa mkutanoni.

Tulikaa ndani ya bani, katikati ya majani ya tumbaku yaliyoning'inia. Mwenyekiti alifungua kwa salamu za chama na za serikali, akatukumbusha kwamba kijiji kimetoka mbali na kinakwenda mbali, kisha akafika kwenye birika.

"Ndugu dereva, tueleze yale maji."

"Ni maji ya moto, ndugu mwenyekiti."

"Yana nini ndani?"

"Joto."

Watu wakaguna. Mkwe wake akasimama akasema amesikia kwa masikio yake nikitamka maneno wakati wa kumwaga. Hilo lilikuwa kweli. Ukimwagikiwa na maji ya moto vidoleni alfajiri ya kipupwe, hata wewe utatamka maneno. Mtu mwingine nyuma akasema gari likilishwa dawa siku likikosa litaua watu. Na hatimaye, kutoka upande ambao sikuuona, mtu akalisema lile neno la hujuma.

Nilikuwa na filta kuukuu mapajani, nimeifunga kwenye gazeti. Nilikuja nayo bila kujua nitaitumia au la. Mwenyekiti aliiona, akaidai, nikampa. Akaifungua, akainusa, akakunja uso kitaalamu, akaipitisha. Ikazunguka mkono kwa mkono. Kila mzee aliinusa na kutikisa kichwa kama aliyekwishawahi kuona mambo hayo nchi za nje. Nilikuwa naifuata kwa macho jinsi inavyokwenda, na nilimwomba Mungu baba awe na mafua.

Baba hakuinusa hata kidogo. Alikwangua kwa ukucha, akafinyangafinyanga kati ya vidole viwili, akatazama. Kisha akavua kofia na kusimama.

"Hii ni nta," akasema. "Ni ya kwangu."

Mwenyekiti akamwambia aeleze vizuri, hapa ni mkutanoni.

"Naeleza. Pipa nililipaka mimi. Nililiosha, nikayeyusha nta, nikalipaka ndani lote mpaka kwenye kingo. Mzinga mpya ukiutundika mkavu, nyuki wanaupita. Chombo hakitolewi kikavu, la sivyo kitabaki kikavu. Nikasema hili pipa linakwenda kwa binti yangu, yeye ndiye anayekwenda njiani peke yake. Nikalipaka lisimkaukie. Kama kuna kosa, la kwangu. Huyu mtoto hajui kitu."

Akaketi, akavaa kofia yake.

Sikujua pa kutazama. Mtu huyu alinipa mgongo kutoka kijijini mpaka Tabora kila safari, nami kila safari nilisema moyoni kwamba ananionea haya. Kumbe alikuwa amekaa nyuma ya nyumba siku zote zile, moshi machoni, ananipakia pipa nta kama anavyoipaka mizinga yake, ambayo mimi sikuruhusiwa hata kuisogelea. Nikalia pale pale mbele ya kamati na majani ya tumbaku.

Mwenyekiti, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa anataka kujua maji yamesomewa nini, akatoa hotuba ndefu kupinga ushirikina. Alisema taifa changa haliwezi kujengwa kwa imani za nta. Alisema huo ni ujinga, na ujinga ni adui. Neno hujuma halikurudi tena. Hata aliyelisema aliona aibu, maana baba alikuwa amelisimamia kosa lake kabla hajashikwa nalo, na hilo liliwavurugia mambo. Lakini mkutano hauwezi kuisha bila maazimio, kwa hiyo yakatolewa maazimio. Pipa lirudishwe kwa mwenyewe. Na dereva naye arudishwe kwa mwenyewe.

Makofi yalipigwa. Sisi tukaenda bandani, tukamimina dizeli iliyobaki kwenye madebe yao, na mimi na baba tukaliviringisha pipa mpaka nyumbani, yeye upande wake na mimi upande wangu. Mama alitupokea. Alilitazama pipa, akanitazama mimi, akasema vyote vimerudi salama, tushukuru.

Nikaanza kukoroga uji. Kabla ya hapo nilimwendea mkwe wa mwenyekiti, nikamwambia kama ndugu kwamba ndani ya tangi bado kuna nta, amwagie filta maji ya moto asubuhi, na akiifungua asisahau kutoa upepo. Akanijibu kwamba yeye ni dereva, si mpishi.

Walipanga kupeleka asali na tumbaku mjini, na mwenyekiti mwenyewe akaenda, akiwa amekaa mbele, na miwani. Waliianza safari jua likiwa limeshapanda, wakafika karibu na Kwihara, wakalala kwa jamaa yao aliyewachinjia kuku. Hapo ndipo akili iliwapotea, kwa sababu pikapu ililala nje. Asubuhi ikawaka, ikafika mbele ya tembe moja, nyumba ya udongo ya enzi za misafara ambayo wageni huja kuipiga picha, ikakohoa, ikazima. Mkwe aliifungua filta, akaifuta kwa shati, akairudisha, akakaza kwa hasira. Upepo hakuutoa. Akapiga stata mpaka betri ikanyamaza. Hakuna aliyesema gari limekataa mwanamume.

Mwenyekiti alirudi kijijini kwa miguu, viatu mkononi, kwa njia ile ile ya misafara. Mababu zake wangeona fahari. Alifika kwetu jua likiwa kichwani, akamkuta baba anachonga kizibo cha mzinga. Akamwamkia shikamoo, baba akaitikia, akamkaribisha kigoda na maji ya kunywa, akamuuliza habari za tumbaku, za mvua iliyopita, za wajukuu. Mwenyekiti alijibu yote. Mimi nilikuwa chekechea lakini mama alikuwepo, na mama hasahau kitu.

"Mzee, tunaomba dereva," mwenyekiti akasema mwishowe.

"Dereva si yuko na gari?"

"Tunamwomba binti yako."

"Mlimrudisha mbele ya watu," baba akasema. "Kitu kilichorudishwa mbele ya watu hakichukuliwi uani. Kamwombe mbele ya watu."

Ndiyo maana mwenyekiti wa kijiji alikuja kusimama mlangoni pa chekechea, vumbi mpaka magotini, na kuniomba rasmi nirudi kwenye usukani, kwa muda, mbele ya watoto wenye mabaki ya uji midomoni. Nilimtazama baba aliyekuwa nyuma yake. Mwenyekiti naye akageuka, akamuuliza, je, hawa ni watu? Baba akawatazama watoto, akafikiri, akasema ni watu.

Ningeweza kuringa. Watu wengi waliniambia baadaye kwamba ningeringa. Lakini nilikuwa naitaka pikapu yangu, nikavua aproni. Nikachukua spana na ile filta ya mwisho ya mzee wa Ng'ambo, ambayo nilikuwa nimeificha ndani ya sanduku la nguo. Nilipotoka nikamkuta baba amesimama njiani na birika.

Tulifika Kwihara kwa miguu, alasiri imeshapoa, na mawingu ya kipupwe yamelifunika jua. Baba akakoka moto pembeni ya barabara, akachemsha maji. Mimi nikafungua bakuli, nikatoa ile filta iliyofutwa kwa shati la mtu, nikaweka mpya. Nilipofika kwenye upepo nikawa nahitaji mkono wa pili. Mkwe alikuwa anatazama milima. Baba akasogea, nikamwonyesha pampu.

"Piga polepole, baba. Mpaka mapovu yaishe."

Akapiga. Mrina asali ana subira, hakuuliza mapovu yataisha lini. Yalipoisha nikakaza skrubu, yeye akamwagia bakuli maji ya moto kwa uangalifu, kama anayenawisha mgeni mikono. Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo pikapu ilibidi isukumwe. Mwenyekiti alisukuma, mkwe wake alisukuma, na jamaa yao wa kuku naye alisukuma. Ikakohoa, ikatema moshi mweusi usoni mwao, ikanguruma. Sikuthubutu kuizima. Nikawaambia wapande ikiwa inakwenda polepole, nao wakarukia nyuma juu ya magunia ya tumbaku, mmoja baada ya mwingine, mwenyekiti akivutwa kwa mkono.

Baba hakuweza kuruka. Alikuwa na birika la maji ya moto mkononi, na mtu hawezi kupanda nyuma ya gari linalokwenda akiwa na birika la moto. Alitembea pembeni ya pikapu hatua chache, akitazama nyuma, akitazama birika. Nikaunyosha mkono nikafungua mlango wa upande wake, ule wa kufunguka kwa ndani. Akaingia. Akakaa pembeni yangu, birika mapajani, magoti yamebana, kofia kichwani, macho mbele.

Tulikwenda hivyo mpaka taa za Tabora. Kwenye kioo sikuona tena kofia yake, niliona miwani ya mwenyekiti iliyojaa vumbi. Tulipofika Ng'ambo watu walisimama kututazama, na baba aliwaona wakitutazama, na hakuinama. Nikaegesha mbele ya karakana ya yule mzee, kwenye mteremko, ili kesho isihitaji kusukumwa.

"Kesho unatoka saa ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia alfajiri, kabla ya watu.

"Basi nitachemsha maji," akasema.

Akashuka na birika lake.